Gari Lapiga Selfu Lakini Haliwaki



Wasomaji wetu watukufu, kina mama na dada zangu, wiki hii nilikusudia kuendelea na somo letu la mirathi pale tulipoishia. Inshallah tutarudi huko Ijumaa ijayo. Limenizuia jambo lililonikuta Msambweni, nami nimeona si haki kulinyamazia, kwa sababu nyumba nyingi za pwani yetu hii ya kusini sasa zina gari mlangoni, na mara nyingi anayebaki na ufunguo wa gari hilo ni mama.

Niliitwa kusuluhisha mume na mke. Mume yuko Ghuba kwa kazi, huu mwaka wa tatu, kwa hivyo upande wake aliusimamia kaka yake mkubwa, naye mwenyewe akawa kwenye simu iliyowekwa mezani kati ya vikombe vya kahawa. Mke alikaa ubavuni mwa mamake. Nilifungua kwa Fatiha kama ilivyo ada, kisha nikauliza chanzo cha hitilafu ni nini. Hapana aliyejibu. Hatimaye yule mama mzee akanyoosha kidole dirishani, akaonyesha gari dogo jeupe lililosimama chini ya mwembe, boneti wazi, kuku wamejilaza uvunguni mwake.

"Lile, Sheikh," akasema. "Lile ndilo lililoingia kati ya wanangu."

Wote wawili wameniruhusu kusimulia, kwa sharti nisitaje jina wala mtaa, nami nimelichukua sharti hilo kuwa ni amana.

Kisa chenyewe ni hiki. Alfajiri ya Jumatatu moja, watoto wamekwisha kuvaa sare za shule, mke aliingia garini akapiga selfu. (Vijana husema stata, sisi wa zamani tumezoea selfu.) Injini ikazunguka kwa nguvu zake za kila siku, lakini haikushika. Akapiga tena, ikazunguka tena. Alipofika mara ya kumi na kitu betri nayo ikachoka, sauti ikawa ya mgonjwa, mwisho ikabaki kugonga tu. Fundi wa kwanza alipokuja akakuta betri imekufa, akasema ugonjwa ni betri. Ikanunuliwa mpya. Gari likazunguka vizuri, lisiwake. Akabadilisha plagi zote nne, lisiwake. Akabadilisha koili, lisiwake. Akaja fundi wa pili, huyo akasema kompyuta ya gari imeungua, yataka shilingi 35,000, nusu mbele. Kufikia hapo mume alikuwa ametuma shilingi 24,000 kwa mafungu matatu, na gari liko pale pale chini ya mwembe. Watoto wanakwenda shule kwa bodaboda, na bibi yao amekosa siku yake ya kliniki ya sukari. Mume akamwambia kaka yake, kwa sauti ya mtu aliyechoka, kwamba huenda pesa haziendi garini. Neno lile halikukaa siku mbili likamfikia mke. Hilo ndilo lililoniita mimi.

Baadhi yenu mwajua, na wengine hamjui, kwamba kabla ya kilemba hiki nilivaa ovaroli. Asubuhi nilikuwa chuoni, na baada ya Adhuhuri nikishinda gereji ya ami yangu Ukunda, nikioshea watu vyuma kwa mafuta ya taa. Sikuwa fundi wa kusifiwa. Lakini ami yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na tabia moja ambayo sikuisahau: hakushika spana kabla hajamhoji mwenye gari, kama daktari anavyomhoji mgonjwa.

Basi nikaomba kikao kisimame kidogo, nikatoka nje. Sikugusa kitu. Nilimwita kijana aliyemsaidia fundi wa kwanza, jirani yao wa nyumba ya tatu, nikamuuliza swali moja tu: "Mwanangu, mlipozitoa zile plagi za zamani, zilitoka kavu au zimelowa?"

Akafikiri. "Kavu, Sheikh. Kavu kabisa. Na mpya tulizitoa jana kuzitazama, nazo kavu vile vile."

Hapo nikajua kwamba betri, koili na kompyuta vilikuwa vikisingiziwa. Ili nanyi mjue nilijuaje, yabidi turudi mwanzo.

Injini ya petroli yataka mambo matatu ndipo iwake: mafuta, cheche, na hewa iliyobanwa sawasawa kwa wakati wake. Selfu kazi yake ni moja, kuizungusha injini mpaka ianze kujizungusha yenyewe. Zamani kazi hii ilifanywa kwa mkono, kwa chuma kilichopinda kilichoingizwa mbele ya gari, na chuma kile kikirudi nyuma ghafla kiliweza kumvunja mtu mkono. Selfu ya umeme iliingia katika magari ya Cadillac mwaka 1912, kazi yake mhandisi Mmarekani Charles Kettering, na tangu hapo mwanamke au mzee akaweza kuwasha gari bila kumngoja mwenye misuli. Ndiyo maana huwa nashangaa nikisikia mtu akisema kwamba habari za gari haziwahusu wanawake.

Mafakihi wana kaida mashuhuri kwamba lililothibiti kwa yakini haliondolewi na shaka. Aliyetia udhu kisha akashuku kwamba labda umetenguka, udhu wake upo. Sijapata kaida inayofaa gereji kuliko hii. Selfu inapoizungusha injini kwa kasi yake ya kawaida, tayari mna yakini mkononi: betri ina nguvu, selfu ni nzima, na injini haikukwama. Mtu atakayekwambia ununue betri baada ya hapo anakutoa kwenye yakini akutie kwenye shaka, tena kwa pesa zako. Nasema kwa kasi ya kawaida, kwa sababu betri iliyochoka nusu yaweza kuizungusha injini kwa uvivu na isibakishe umeme wa kutosha kwa cheche na kompyuta. Mwenye mita apime. Betri nzima iliyojaa, ikiwa imetulia, husoma karibu volti 12.6, na selfu ikiwa kazini isishuke sana chini ya 10.

Kosa la mama yetu lilikuwa kupiga selfu mfululizo, na ni kosa tunalolifanya sote kwa wasiwasi. Piga kwa sekunde tano, zisizidi kumi, kisha uiache ipumzike nusu dakika au zaidi. Likikataa mara ya tatu, acha. Mpaka hapo una ugonjwa mmoja; ukiendelea utakuwa na miwili, na huu wa pili utaufunika wa kwanza, kama ulivyomfunikia yule fundi aliyekuta betri imekufa akadhani amefika.

Wakati selfu inazungusha, sikiliza. Injini nzima ina mdundo, inapanda na kushuka kwa sababu kila silinda inabana hewa kwa zamu yake. Ukisikia imegeuka nyepesi, inazunguka kwa kasi kama cherehani isiyo na nguo, hakuna mdundo, simamisha mkono wako pale pale. Huenda mkanda wa taimingi umekatika, na katika injini nyingine kuendelea kuizungusha kunaongeza uharibifu ndani. Hilo si la kujaribu tena hata mara moja. Gari livutwe hadi kwa fundi.

Kama mdundo upo, tazama dashibodi. Magari mengi yanayotufikia kutoka Japani, ya miaka ya karibuni, yana kinga ya wizi ndani ya ufunguo, na kwenye dashibodi kuna taa ndogo yenye picha ya ufunguo au ya gari lenye kufuli. Ukishatia ufunguo, taa hiyo yapasa izime. Ikiendelea kumetameta, gari halijakutambua. Selfu katika magari mengine itazunguka hata usiku kucha, na injini haitawaka, kwa kuwa kompyuta imekataa kutoa mafuta. Hili huwapata zaidi walioibiwa ufunguo wa asili wakachongesha mwingine barabarani: chuma kimefanana, lakini kile kidude cha ndani hakimo. Na kwa magari ya kuwasha kwa kubonyeza, kibetri cha ufunguo kikiisha, katika mengi yake waweza kuugusisha ufunguo wenyewe kwenye kitufe cha kuwashia, kisha ukabonyeza.

Kuna na jingine ambalo kina mama hawaambiwi. Magari yetu mengi yametiwa swichi ya siri ya kuzuia wizi, au traka, na vyote viwili vyaweza kukata umeme wa pampu ya mafuta. Mume ametia swichi chini ya usukani mwaka juzi, akasafiri, hakumwambia mtu. Mtoto anacheza, anaigusa. Nimeshuhudia gari likivutwa hadi mjini kwa sababu hiyo. Na gari lenye deni la mkopo, aliyekopesha aweza kulizima kwa mbali. Waume wenzangu, mnapoondoka mnaacha wasia wa mambo mengi. Wasia wa swichi nao ni wajibu.

Sasa mafuta. Msicheke nikisema kwamba la kwanza ni kuhakikisha yamo. Geji husema uongo, hasa geji ya gari la miaka kumi na tano, na gari lililoegeshwa mteremkoni hudanganya zaidi. Lita tano za petroli ni rahisi kuliko fundi. Ikiwa gari lilikataa mara tu baada ya kujazwa, shukuni mafuta yenyewe, maana kuchanganya mafuta ya taa na mafuta ya gari ulikuwa wizi mkubwa kwetu hata serikali mwaka 2018 ikatoza mafuta ya taa shilingi 18 zaidi kwa lita ili kuuvunja mchezo huo. Wekeni risiti.

Kama mafuta yamo, swali ni je, yanafika? Ndani ya tangi kuna pampu ya umeme, na pampu inayofanya kazi husikika, mvumo mdogo kama wa nyuki aliyefungiwa kwenye chupa. Yahitaji watu wawili, mmoja apige selfu, wa pili atie sikio nyuma, kwenye kiti cha nyuma au mlango wa tangi. Wengine watakwambia usikilize ufunguo ukiwashwa tu bila selfu, na kwa magari mengi ni kweli, pampu huvuma sekunde mbili hivi kisha hunyamaza. Lakini katika Toyota nyingi, nazo ndizo zilizojaa barabara yetu kuanzia Likoni hadi Lunga Lunga, pampu haianzi mpaka selfu izungushe. Pampu nzima ngapi zimetupwa kwa kutojua jambo hili dogo!

Pampu ikinyamaza, msikimbilie kununua pampu. Kuna fyuzi, ambayo ni ya shilingi chache. Kuna relei, ambayo fundi aweza kuibadilishana kwa muda na nyingine ya namna ile ile kwenye kisanduku hicho hicho, kwa mfano ya honi, akaona kama gari litawaka. Kuna waya. Pampu ndiyo ya mwisho kushitakiwa, na fundi anayedai imekufa alete ushahidi: atie taa ya kupimia kwenye soketi yake, aone umeme unafika. Umeme ukifika na pampu isizunguke, hapo imethibiti. Kwa kadhi, mwenye kudai ndiye anayetakiwa alete bayyina. Sioni kwa nini gereji iwe na sheria nyingine.

Na sasa zile plagi. Plagi ndiyo itoayo cheche ndani ya silinda. Baada ya kupiga selfu mara kadhaa bila gari kuwaka, fundi anaitoa moja na kuitazama. Imelowa petroli na inanuka? Mafuta yanafika, tafuta cheche. Imekavuka kabisa? Mafuta hayafiki, tafuta pampu, fyuzi, waya, chujio. Ni jambo la dakika kumi, na linaondoa nusu ya shaka zote. Pia bila kufungua kitu, mama aliyesimama nyuma ya gari akasikia harufu kali ya petroli kwenye bomba la moshi tayari ana habari ya kumpa fundi. Mwambie hivyo hivyo: nimesikia harufu, au sikusikia harufu.

Kulowa kupita kiasi nako ni ugonjwa. Wanaovuka Likoni wanaujua bila kuujua. Foleni inasogea hatua kumi, mtu anawasha, anasogea, anazima. Anawasha, anasogea, anazima. Injini baridi humiminiwa mafuta mengi kila inapowashwa, na gari kuukuu likifanyiwa hivyo mara tano sita plagi zinarowa, na milango ya feri imeshushwa, na nyuma yako watu wanapiga honi. Hapo kanyaga kanyagio la mafuta hadi chini kabisa, ulishikilie hapo, kisha upige selfu kwa sekunde chache. Katika magari mengi yenye kompyuta, hiyo ni ishara ya kukata mafuta ili injini ijikaushe. Likishika, ondoa mguu polepole. Tangu barabara ya Dongo Kundu ifunguliwe wengi tumeepukana na foleni ile, lakini si wote.

Upande wa cheche nitapita haraka, kwa kuwa ni wa fundi zaidi. Unyevu wa masika ni adui, panya ni adui mkubwa zaidi. Gari linalolala chini ya minazi na karibu na banda la kuku lina panya, na panya hupenda waya. Kuna pia kisensa kinachoiambia kompyuta kwamba injini inazunguka. Kikifa, kompyuta haitoi mafuta wala cheche. Dalili yake ni gari linalozima likipata moto, kisha kukataa, kisha kuwaka tena baada ya saa moja likipoa. Magari ya dizeli hayana plagi za cheche kabisa. Huko mtuhumiwa wa kwanza ni upepo ulioingia kwenye mipira ya mafuta, au maji kwenye chujio. Na ile mashine ya kusoma hitilafu inayochomekwa chini ya dashibodi ni nzuri, lakini yasema wapi panauma, haisemi nini kimevunjika. Fundi akikuonyesha namba kwenye mashine, muulize amepima nini baada ya kuisoma.

Turudi chini ya mwembe. Plagi kavu mara mbili: mafuta hayafiki. Nilimwomba mke apige selfu kwa sekunde tano, na mimi, na miaka yangu hii, nikatia sikio kwenye kiti cha nyuma. Kimya. Kijana akatazama fyuzi, ni nzima. Akabadilisha relei na ya honi. Kimya vile vile. Basi tukakinyanyua kiti cha nyuma, maana katika magari mengi madogo ya namna hii njia ya kufikia pampu ipo hapo, chini ya kifuniko cha bati.

Harufu ilitupiga kabla hatujaona kitu. Ilikuwa harufu ya samaki. Zulia lilikuwa limeganda chumvi nyeupe, kifuniko kimeoza pembeni, na soketi ya waya wa pampu imegeuka kijani kama sufuria ya shaba iliyosahauliwa. Waya mmoja nilipougusa ulibaki mkononi mwangu.

Kaka wa mume alikuwa amekuja na simu mkononi, spika wazi. Sauti ya mume ikauliza kutoka mbali, "Vipi? Kuna nini?" Tulitazamana. Si mimi niliyestahili kujibu.

"Ni maji ya samaki," akasema mke.

Alisema kwa utulivu, macho yakiwa kwenye ule waya. Kwa miezi mitano, mara mbili kwa wiki, alikuwa akipakia samaki Gazi asubuhi na kuwapeleka Ukunda, changu na tasi, wakati mwingine kolekole, kwenye makasha ya barafu yanayovuja. Mume hakujua. Ilikuwa ni miezi ambayo mshahara wake huko ulicheleweshwa na mwajiri, naye alikuwa akimwambia mkewe kila mwisho wa mwezi asubiri kidogo, na mkewe akisema sawa, tunasubiri. Ada ya shule ililipwa. Ya madrasa ililipwa. Hakuwahi kuuliza imelipwa na nini.

Simu ilinyamaza muda mrefu hata kaka yake akaitazama kama imekatika.

Mimi nilifika mpaka wangu hapo. Waya ulio juu ya tangi la petroli si wa kuunga kwa meno na mkanda wa plastiki, na sheikh asiyeshika spana miaka thelathini hana ruhusa ya kujaribia kwenye nyumba ya watu. Nilimwita fundi wa umeme wa magari ninayemwamini. Alifungua milango yote, akazuia sigara hadi ng'ambo ya ua, akatoa terminali ya betri kabla ya kukata chochote. Alitia soketi nyingine, akaunga waya mpya, akaupaka grisi, akafunika. Alipomaliza alimwambia mke apige selfu. Mara ya kwanza injini ilizunguka tu, mipira ikijaa mafuta. Mara ya pili ilishika, kuku wakatawanyika. Kazi nzima, pamoja na soketi, ilikuwa shilingi 2,500.

Mume aliniuliza baadaye kama ana haki ya kudai zile 24,000. Swali hili linahusu nyumba nyingi, kwa hivyo nalijibu hapa. Sheria yetu inatofautisha ijara na ju'ala. Katika ijara unamkodi mtu kwa kazi inayojulikana na kwa ujira unaojulikana: nibadilishie plagi hizi nne kwa kiasi kadhaa. Akizibadilisha amestahiki ujira wake, gari liwake lisiwake, kwa kuwa hukumkodi kuliwasha. Katika ju'ala unasema, atakayeliwasha gari hili nitampa kiasi kadhaa, na huyo hastahiki kitu mpaka gari liwake. Taabu yetu ni kwamba tunazungumza kama watu wa ju'ala, "fundi nitengenezee gari langu," kisha tunalipa kama watu wa ijara, kipande kwa kipande. Yule fundi wa kwanza aliagizwa kutia plagi, akatia. Akaagizwa kutia koili, akatia. Simwiti mwizi. Alikuwa akibahatisha, na aliruhusiwa. Mkubaliane kabla hajafungua boneti: kwanza alipwe ujira wa kupima tu, aseme alichokiona na amekijuaje, kisha ndipo mpatane bei ya kutengeneza. Na kila kifaa anachokitoa kibaki nyumbani kwenu. Plagi za zamani za nyumba ile zilikuwa nzima, zimehifadhiwa, na betri ya zamani ilipochajiwa ikashika umeme. Inawasha taa za ua sasa.

Mambo ya idhini na masurufu, na lile neno lililosemwa juu ya pesa, niliyazungumza nao ndani baada ya Alasiri, mlango umefungwa, na si ya kuandikwa gazetini. Naweza kusema tu kwamba kahawa ilipashwa moto mara ya pili, na kwamba nilipotoka mama mzee alikuwa amekwisha uliza tarehe mpya ya kliniki.

Juzi kaka wa mume alinipigia simu. Ametumwa kutoka Ghuba anunue makasha mawili ya samaki yenye vifuniko vya kukaza, yasiyovuja, na turubai la kutandika nyuma ya gari. Alitaka kujua kipimo cha nafasi iliyopo kiti cha nyuma kikilazwa. Nikamwambia sikipimi mimi, amuulize mwenye gari.